Hofu ya Wizi wa Kitaaluma kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya hukusanywa ukumbini kwa wiki ya maelekezo. Wanaonyeshwa maktaba, zahanati na ofisi ya mikopo. Kisha anasimama mtu wa utawala wa taaluma na kuwasomea kanuni za mitihani, na humo ndani mna kifungu cha wizi wa kitaaluma: kuchukua maneno, mawazo au kazi ya mwingine na kuiwasilisha kana kwamba ni yako. Adhabu zinasomwa kwa mfululizo: sifuri, kurudia somo, kusimamishwa, kufukuzwa, kunyang'anywa shahada hata baada ya kuhitimu. Msomaji anakunja karatasi zake, anafuata mtu wa bima ya afya. Wanafunzi wanatoka ukumbini wakijua kwamba lipo kosa linaloweza kuwatoa chuoni, lakini wengi wao hawajaonyeshwa hata mara moja kosa lenyewe linafananaje.

Hofu inayobaki ni ya kweli. Kwa kijana aliyetoka Kibondo au Newala, ambaye pengine ndiye wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo kikuu, neno "kudisco", yaani kuondolewa masomoni, lina uzito mkubwa. Bodi ya Mikopo humlipia mwanafunzi anayeendelea na masomo. Akitolewa, bumu, yaani pesa hiyo ya mkopo, linakatika, na anarudi kwa watu waliochangishana nauli na godoro. Ndiyo maana maswali ya wanafunzi wapya yanafanana mwaka hadi mwaka. Nikisahau kutaja chanzo kimoja, nafukuzwa? Ripoti ikisoma asilimia thelathini, nimekwisha? Nikimpa mwenzangu kazi yangu aitazame tu, na mimi nimo?

Maswali haya yanastahili majibu ya kina, na majibu wanayopewa mara nyingi huwaelekeza waogope kitu kisicho chenyewe. Wanafundishwa kuiogopa mashine inayolinganisha maandishi, na asilimia zake. Hatari kubwa zaidi iko kwenye mazoea waliyokuja nayo kutoka shuleni, kwenye lugha wanayotakiwa kuandikia, kwenye wema wa marafiki, na kwenye biashara ya kuandikiwa kazi inayoendelea nje ya geti. Nasema zaidi ya hapo: hofu yenyewe, ikiachwa bila maelezo, huwasukuma wanafunzi kunakili.

Kwanza adhabu, kwa kuwa hofu hunenepa pale mambo yanapokuwa gizani. Kanuni hutofautiana chuo na chuo, na kila mwanafunzi hana budi kuzisoma za kwake, lakini umbo lake linakaribiana. Kuna ngazi. Ya chini kabisa ni ya mhadhiri na karatasi yake: insha ya mwaka wa kwanza haina marejeo ya kutosha, alama zinapunguzwa, au inarudishwa iandikwe upya, au mwanafunzi anaitwa ofisini aelezwe. Ngazi ya kati ni sifuri kwa kazi hiyo au kwa somo zima, maana yake sapu, yaani mtihani wa marudio, au kulirudia somo mwaka unaofuata. Ngazi ya juu ni kusimamishwa kwa muhula au mwaka, na juu yake kufukuzwa. Wanaoamua hutazama mambo manne hivi: kiasi kilichochukuliwa, mwaka wa masomo wa mhusika, kama ni mara ya kwanza, na kama kulikuwa na nia ya kudanganya. Tasnifu ya uzamili iliyonakiliwa sura nzima na insha ya kurasa nne iliyosahau kutaja chanzo cha aya moja haziwekwi kwenye mizani moja.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wapya hawaambiwi ni kwamba mhadhiri hafukuzi mtu. Shauri zito hupanda kutoka idara hadi kitivo, hadi kamati, hadi Seneti, na katika safari hiyo mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa tuhuma yake, kuonyeshwa ushahidi, kusikilizwa na kukata rufaa. Haki hizi si hisani ya chuo. Mahakama za Kenya, kwa mfano, zimetengua maamuzi ya vyuo vikuu pale mwanafunzi alipoadhibiwa bila kupewa nafasi ya kujieleza. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hapana: chanzo kimoja kilichosahaulika katika kazi ambayo kwingine imetaja vyanzo vyake vizuri ni dosari ya kusahihishwa, na kwa kawaida inaishia kwenye alama. Alama nazo si kitu kidogo. Mahali ambapo kazi za muhula hubeba arobaini na mtihani wa mwisho sitini, sifuri moja ya insha ya alama kumi na tano inaweza kumwacha mtu akihesabu kwa wasiwasi, hasa kwenye vyuo vinavyomzuia kuingia kwenye mtihani mwanafunzi ambaye kozi weki yake haikufika kiwango. Lakini kati ya hapo na kufungasha virago pana umbali mkubwa.

Sasa tuuangalie mzizi. Mwanafunzi wa Tanzania anayeingia chuoni leo kupitia shule za umma amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha miaka sita kwa Kiingereza. Katika miaka hiyo sita, sehemu kubwa ya kusoma kwake ilikuwa kunakili. Mwalimu mwenye vipindi vingi na darasa la watoto themanini humwachia kiranja daftari, kiranja anajaza ubao, darasa linaandika kimya mpaka kengele ya kipindi kingine. Mtihani ukija, anayeyarudisha maneno ya notisi kama yalivyo ndiye anayepata alama, kwa sababu ndiye asiyekosea Kiingereza. Ukivuka mpaka kwenda Kenya unakuta jambo la jamii hiyohiyo katika insha za Kiswahili za shule ya msingi: watoto wamekariri maelezo ya mapambazuko na mafungu ya methali kutoka insha za vielelezo, wanayapachika katika kila utungo, na wanasifiwa kwa lugha ya mvuto.

Mtu aliyetuzwa hivyo tangu akiwa mdogo anafika chuoni, anafanya kilekile alichofundishwa, na safari hii anaitwa mwizi. Hakuna aliyemkalisha chini kumwambia kwamba masharti yamebadilika. Sisemi haya kumtetea mvivu. Mvivu yupo, na anajijua. Nasema kwamba chuo kinachopokea zao la mfumo huu kinajua kinapokea nini, na kikiishia kusoma adhabu ukumbini kimeacha nusu ya kazi yake.

Wala si kweli kwamba kutaja chanzo ni desturi ngeni tuliyoletewa na vyuo vya Ulaya. Mtoto wa madrasa Lamu au Unguja hujifunza mapema kwamba hadithi ina isnadi yake: nani ameipokea kwa nani, na huyo kwa nani, hadi ilikotoka. Msomi aliyekimaliza kitabu mbele ya sheikh wake hupewa ijaza inayoonyesha mlolongo wa walimu. Watunzi wa tenzi za kale walikuwa na kawaida ya kuweka majina yao katika beti za mwisho, wengine pamoja na mwaka wa kutunga, ili kazi isipotee mikononi mwa wanaonakili. Hata mzee wa kijiji asiyejua kusoma, akitoa habari nzito barazani, husema ameisikia kwa nani. Mwanafunzi huyu basi anajua tayari kwamba neno lina mwenyewe. Anachokosa ni umbo la kitaaluma la kuonyesha hivyo kwenye karatasi, na umbo hilo linafundishika kwa siku chache.

Kigumu zaidi ni lugha. Mtu anayeandika kwa lugha ambayo hajaimiliki huishikilia sentensi ya kitabu kwa sababu anajua kwamba hiyo, walau, haina makosa. Anabadilisha kitenzi hapa, anageuza neno pale, mifupa ya sentensi inabaki ya mwandishi wa kwanza. Mtafiti wa Marekani Rebecca Moore Howard aliandika kuhusu jambo hili tangu miaka ya 1990, akashikilia kwamba mara nyingi ni hatua ambayo mwanafunzi huipita anapojifunza kuandika mambo mazito, na kwamba kuiadhibu kama udanganyifu ni kukosea. Nakubaliana naye kwa mwaka wa kwanza. Kwa mwaka wa tatu siwezi.

Tulione kwa karibu. Tuseme kitabu cha mazingira ya pwani kina sentensi hii: "Mizizi ya mikoko hushika udongo na kupunguza nguvu ya mawimbi, kwa hiyo mahali ilipokatwa ufuo humomonyoka kwa kasi." Mwanafunzi anaandika: "Mizizi ya mikoko hukamata udongo na hupunguza kasi ya mawimbi, hivyo sehemu ilipofyekwa fukwe humomonyoka haraka." Hakutaja chanzo. Anaamini amefanya kazi, kwa kuwa amebadilisha maneno kadhaa na imemchukua robo saa. Hajafanya. Mpangilio wa wazo, mfuatano wa sababu na matokeo, hata mkato wa katikati ni wa mwenye kitabu.

Mwenzake anaandika vilevile, ila mwishoni anaweka jina la mwandishi na mwaka. Huyu ni mwaminifu zaidi, maana msomaji anajua wazo limetoka wapi, lakini bado anamdanganya kuhusu maneno: yanaonekana ya kwake na si yake. Wahadhiri wengi watamkata alama tu. Angeweza kuyanukuu maneno ya asili ndani ya alama za kunukuu, na asingekuwa na kosa lolote.

Wa tatu amekifunga kitabu, akamweleza mwenzake wa chumbani alichokisoma, kisha akaandika: "Mwandishi huyu anaona ukataji wa mikoko ndio chanzo cha ufuo kuliwa na bahari, kwa kuwa hapabaki cha kuuzuia udongo wala cha kulivunja wimbi. Kijijini nilikofanya mazoezi ya vitendo, hata hivyo, ufuo umerudi nyuma hata pale mikoko ilipo, kwa hiyo lazima iwepo sababu nyingine." Akataja jina, mwaka na ukurasa. Tazama kilichotokea. Kwa kuwa hakuwa amekodolea macho sentensi ya kitabu, wazo limepita kichwani mwake, na lilipopita likakutana na alichokiona kwa macho yake. Lugha yake ikiwa na makosa mawili, bado hii ndiyo kazi ya chuo kikuu. Ningependa kila mhadhiri wa mwaka wa kwanza aliseme hilo waziwazi: sentensi yako yenye kasoro ina thamani kuliko sentensi safi ya mwingine. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo ataendelea kukiogopa Kiingereza chake kuliko anavyoogopa kunakili.

Mazoea ya kuandika notisi yanaingia hapa pia. Wizi mwingi usio wa makusudi hutokea wiki tatu kabla ya kazi kuandikwa, siku ambayo mtu alinakili aya maktabani bila alama za kunukuu na bila ukurasa, akiwa na uhakika kwamba atakumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe ya kukusanya, aya ile iko daftarini kwa mwandiko wake mwenyewe na inasomeka kama mawazo yake. Dawa yake ni ya kawaida sana: maneno ya kitabu yaandikwe kwa kalamu ya rangi nyingine, na ukurasa uandikwe kabla ya sentensi, usingoje baadaye.

Mashine sasa. Programu ya Turnitin ilianzishwa mwaka 1998 na watu waliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na imekua mpaka ikanunuliwa mwaka 2019 na kampuni ya Advance ya Marekani kwa karibu dola bilioni 1.75. Inachofanya ni kulinganisha maneno ya kazi yako na kurasa za intaneti, makala za majarida, na ghala la kazi za wanafunzi zilizowahi kupitishwa humo. Inatoa asilimia ya mfanano na rangi: buluu pasipokutwa mfanano, kijani hadi asilimia 24, njano kuanzia 25, chungwa kuanzia 50, nyekundu kuanzia 75. Haitamki neno wizi. Uamuzi huo inamwachia binadamu.

Ukiifungua ripoti utaona asilimia inavyojengwa. Ukurasa wa mbele wenye jina la chuo na kitivo unafanana na wa wenzako wote. Orodha ya marejeo inafanana na ya kila aliyetumia vitabu hivyohivyo. Swali la mhadhiri ulilolinakili juu ya kazi limo kwenye kazi za darasa zima. Mwanafunzi wa sheria aliyenukuu vifungu vya Katiba kama inavyotakiwa anaweza kufika asilimia thelathini akiwa msafi kabisa. Mhadhiri makini huagiza mashine iache marejeo na nukuu, kisha anatazama kilichobaki kiko mahali gani: vipande vidogo vilivyotawanyika havina neno, aya nzima yenye rangi moja ina maswali ya kujibiwa.

Upande wa pili haujadiliwi vya kutosha. Ripoti ya asilimia tatu si cheti cha uaminifu. Mwanafunzi wa idara ya Kiswahili akichukua makala ya Kiingereza, akaitafsiri aya kwa aya na kuiwasilisha kama uhakiki wake, ulinganishaji wa maneno kwa maneno unaweza usione lolote, na bado amechukua kazi nzima ya mtu. Mhadhiri anayemjua mwandishi wa makala ile atamtambua kwa hoja, si kwa maneno. Kwa sababu hiyo nasikitishwa na vyuo vinavyotangaza kiwango, tuseme asilimia 20, kana kwamba ndicho mpaka kati ya halali na haramu. Wanafunzi huacha kuuliza kama kazi ni yao, na kuanza kuuliza namna ya kuishusha namba. Wengine hulipeleka faili kwa mtu wa mtaani "alipitishe" kwanza, bila kujua kama atalihifadhi kwenye ghala; likihifadhiwa, siku ya kukusanya kazi ya halali inarudi na mfanano wa karibu asilimia mia, na mwenye kazi anajikuta akijitetea dhidi ya nakala yake mwenyewe.

Suala linalowaumiza watu wema kuliko yote ni la marafiki. Katika mabweni yetu, kumnyima mwenzako daftari ni choyo, na choyo hakisahauliki. Mtu amekuazima pasi, mmekula sahani moja bumu lilipochelewa, leo anakuomba asaimenti yako "apate mwanga". Unampa. Anapata mwanga pamoja na aya zako nne. Kanuni za vyuo vingi zinamhesabu aliyetoa pamoja na aliyechukua, na kamati haina njia rahisi ya kujua nani alianza kuandika. Kwa maoni yangu hapa ndipo mwanafunzi mpya anahitaji ushauri wa kina kuliko popote, kwa sababu anaombwa kuchagua kati ya heshima mbili. Ipo njia ya kutochagua. Kaeni pamoja, mweleze kwa mdomo ulivyolielewa swali, mwonyeshe vitabu ulivyotumia na kurasa zake, msomee hata muhtasari wako. Msaada huo ni mkubwa kuliko faili, na hakuna kanuni inayoukataza. Faili lenyewe libaki kwako mpaka kazi za wote zikusanywe na kusahihishwa.

Kazi za kikundi zina mtego wao. Kikundi cha watu kumi, mmoja anaandika, mmoja anachapa, wanane wanaandikisha majina na namba za usajili. Aliyeandika akinakili, majina kumi yako kwenye jalada. Anayetaka kujilinda aombe kuisoma kazi kabla ya kukusanywa, na ujumbe wake kwenye kundi la WhatsApp la kikundi uonyeshe sehemu aliyoiandika yeye.

Kununua kazi ni jambo la daraja tofauti kabisa, na sitaki huruma niliyoionyesha huko juu ifike huku. Karibu na vyuo vingi zipo stashenari ambazo, pamoja na kuchapa na kujalidi, hutafuta mtu wa kukuandikia pendekezo la utafiti au tasnifu nzima. Nairobi biashara hii imekuwa ya kimataifa: vijana wahitimu waliokosa ajira huandika usiku insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, na wengine wameendesha maisha na kusomesha wadogo zao kwa kazi hiyo. Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia waandishi hawa, na filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars inaonyesha safari hiyo. Australia ilipiga marufuku huduma hizi kwa sheria ya 2020, Uingereza ikafuata kwa sheria ya 2022 inayohusu England. Sheria hizo zinamlenga muuzaji. Mnunuzi anabaki kwenye mikono ya chuo chake, na hapo nia ya kudanganya haina haja ya kutafutwa. Kwa Mwafrika Mashariki anayesoma Uingereza hasara ni mara mbili, maana chuo kinapomwondoa masomoni hutoa taarifa kwa idara ya uhamiaji, na viza ya masomo haidumu bila masomo.

Kinachonisikitisha zaidi katika biashara hii ni kwamba mwandishi wa Nairobi mara nyingi ana akili na bidii kuliko mwenye cheti, na jina lake halimo popote. Mnunuzi naye anabaki mikononi mwa muuzaji anayejua jina lake, chuo chake na alichofanya, na hawezi kumshtaki akimgeuka.

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, sehemu ya wateja wa stashenari wamehamia kwenye simu. Hatari ya kwanza ni marejeo ya kubuni: programu inataja kitabu, mwandishi na ukurasa ambavyo havijapata kuwepo. Mwezi Juni 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na programu hiyo. Mhadhiri anayetafuta kitabu chako maktabani asikione atafikia hitimisho lilelile. Hatari ya pili inamkabili asiye na hatia. Zana za kutambua maandishi ya akili mnemba zinakosea, na zinawakosea zaidi watu kama sisi. Watafiti wa Stanford walizijaribu saba kwa insha za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na katika matokeo yaliyochapishwa 2023, kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Sababu yake inaeleweka: mwenye msamiati mdogo hutumia maneno yanayotarajiwa, na zana hizo huyaona maneno yanayotarajiwa kuwa dalili. OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, iliiondoa zana yake ya utambuzi Julai 2023 kwa kukosa usahihi, na mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima ile ya Turnitin. Chuo chochote cha Afrika Mashariki kinachomhukumu mwanafunzi kwa namba ya zana hiyo peke yake kinamdhulumu.

Madhara yanayochelewa ndiyo yanayosomwa sana magazetini. Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alijiuzulu Machi 2011 baada ya tasnifu yake ya udaktari kukutwa imejaa maandishi ya wengine. Pál Schmitt alilazimika kuacha urais wa Hungaria mwaka 2012. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Norwei. Wizara ya elimu ya juu ilikuwa imempeleka Mahakama ya Juu mwanafunzi aliyetumia tena maandishi yake mwenyewe kutoka mtihani aliofeli, bila kuyataja. Januari 2024 waziri wa wizara hiyo, Sandra Borch, akajiuzulu baada ya mwanafunzi mmoja kuichunguza tasnifu yake ya uzamili na kukuta aya za wengine. Kesi ile inagusa na jambo ambalo wengi hawaliulizi mapema: vyuo vingi vinahesabu kuwa ni kosa kuiwasilisha kazi yako ileile mara ya pili bila ruhusa. Uliza kwanza.

Mwanafunzi akiitwa na kamati, kitakachomsaidia ni vitu vinavyoonyesha kazi ilivyokua: daftari la notisi, rasimu za awali, historia ya faili kwenye kompyuta, vitabu vyenyewe. Aende navyo. Aombe tuhuma kwa maandishi na kurasa zinazolalamikiwa. Kama kosa lipo, aseme lipo na aeleze lilivyotokea. Kamati hutofautisha uzembe na hila, na uongo unaotolewa mbele yake huugeuza uzembe kuwa hila. Serikali ya wanafunzi na mshauri wa wanafunzi wapo kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kwa upande wa vyuo, najua kikwazo kinachotajwa kila mara: somo la stadi za mawasiliano lina wanafunzi mamia kwa mhadhiri mmoja. Ni kweli. Lakini seminari za mwaka wa kwanza zipo tayari kwenye ratiba, na wakufunzi wasaidizi wapo. Saa moja kati ya hizo, kabla ya kazi ya kwanza kukusanywa, inatosha kulipatia kila kundi ukurasa mmoja wa kitabu, kuwataka waufunge na kuueleza upya kwa sentensi tano na marejeo yake, na mkufunzi kuzipitia kwa kalamu bila kutoa alama yoyote. Na kazi ya kwanza inayopita kwenye Turnitin ipite mwanafunzi mwenyewe akiiona ripoti, akiwa na siku tatu za kurekebisha kabla ya mhadhiri kuisoma.